Kugeuza kiolezo cha POTX kuwa PPTM, POTM au PPSM mtandaoni

Kigeuzi cha mtandaoni hulibadilisha faili la POTX (kiolezo cha PowerPoint kisichobeba makro), lakini hakikuandikii makro, yaani programu ndogo zinazoandikwa kwa lugha ya VBA ndani ya faili. Kinachobadilika ni aina ya faili tu: lililokuwa haliruhusiwi kubeba msimbo wa VBA sasa linaruhusiwa. Ukilifungua baada ya kuligeuza utakuta slaidi zilezile, rangi zilezile na mpangilio uleule, na upande wa makro pako patupu. Wanaolalamika kwamba kigeuzi kimewadanganya kwa kawaida walitarajia vitufe vya slaidi vianze kuitikia. Kazi hiyo inakuja baadaye, na unaifanya mwenyewe ndani ya PowerPoint ya kompyuta.

Mwongozo huu unafuata safari nzima: kuchagua aina sahihi, kupakia na kupakua, kukagua kilichorudi, kukifungulia makro kwenye Windows, na la kufanya mambo yakikwama.

## Uchague ipi kati ya tatu

PPTM ni wasilisho la kawaida lenye ruhusa ya makro. Ukilibofya mara mbili linafunguka lenyewe, na ukihifadhi unahifadhi juu yake. Linafaa kama kiolezo ulichonacho ni mwanzo wa kazi moja unayotaka kuifanya sasa hivi.

POTM linabaki kuwa kiolezo. Ukilibofya mara mbili, PowerPoint haikufungulii faili lenyewe. Inakupa nakala isiyo na jina, ile inayoandikwa Presentation1 juu ya dirisha. Nakala hiyo hutoka na msimbo wote uliokuwamo kwenye kiolezo. Waliozoea Word huteleza hapa. Kwenye Word, makro hukaa ndani ya kiolezo na hati huzitumia kutoka huko. Kwenye PowerPoint, nakala ikishatoka haina habari tena na kiolezo chake. Ukirekebisha kosa kwenye msimbo wa POTM leo, mawasilisho yote yaliyotoka humo jana yanabaki na kosa lile lile. Tena, mtumiaji akihifadhi nakala yake kama PPTX, makro zote zinaachwa nje.

PPSM hufunguka moja kwa moja kwa skrini nzima, tayari kuonyeshwa. Lichague mwisho kabisa, wasilisho likishakamilika. Ukitaka kulihariri, fungua PowerPoint kwanza kisha ulifungue kupitia menyu ya File, kwa sababu ukilibofya mara mbili litaanza kuonyesha.

Kama unachotaka ni makro inayojianzisha yenyewe PowerPoint inapofunguka, hakuna hata moja kati ya hizi tatu itakayokufaa. Taratibu za Auto_Open na Auto_Close hufanya kazi kwenye viongezi vya PPAM pekee, yaani programu za nyongeza za PowerPoint. Usipoteze muda kuziandika ndani ya PPTM ukisubiri muujiza.

## Kwa nini kubadilisha jina hakutoshi

Tangu PowerPoint 2007, faili la aina hii ni kifurushi cha ZIP kilichojaa mafaili madogo ya XML na picha. Ndani yake, kwenye ngazi ya juu kabisa, pana faili linaloitwa [Content_Types].xml. Hilo ndilo hutaja kila kipande ni cha aina gani, pamoja na kipande kikuu, /ppt/presentation.xml. Kwenye POTX, kipande hicho kimetajwa hivi:

    application/vnd.openxmlformats-officedocument.presentationml.template.main+xml

Kwenye PPTM kinatajwa hivi:

    application/vnd.ms-powerpoint.presentation.macroEnabled.main+xml

Kwenye POTM neno presentation la katikati linakuwa template, na kwenye PPSM linakuwa slideshow. Ukibadilisha jina la faili kutoka kiolezo.potx kuwa kiolezo.pptm bila kugusa mstari huo, jina linasema hivi na tumbo linasema vile. PowerPoint ikiona ugomvi huo hudai faili limeharibika au hukataa kulifungua.

Kigeuzi kinachojua kazi yake hubadilisha mstari huu na kuacha mengine yote yalivyo. Kigeuzi kibovu kina namna mbili za kuharibu: ama kinabadilisha jina tu, ama kinasoma wasilisho zima, kinalijenga upya kwa namna kinavyolielewa, na yale kisiyoyaelewa yanadondoka njiani. Namna ya pili ndiyo ya hatari, kwa kuwa faili linafunguka vizuri na kasoro zinaonekana baadaye, mara nyingi mbele ya watu.

## Je, unahitaji kigeuzi cha mtandaoni kweli?

Kama una PowerPoint kamili kwenye Windows au Mac, jibu ni hapana. Kwenye Windows fungua POTX kupitia File kisha Open (usilibofye mara mbili, utapata nakala badala ya kiolezo), bonyeza F12, na kwenye orodha ya Save as type chagua PowerPoint Macro-Enabled Presentation, au Template, au Show. Hifadhi. Imekwisha, na hakuna faili lililotoka kwenye mashine yako.

Kuna jambo moja dogo linalochanganya watu wengi hapo. Ukichagua aina ya kiolezo, PowerPoint hubadilisha folda yenyewe na kukupeleka Custom Office Templates, ndani ya Documents. Ukibonyeza Save bila kuangalia, utalitafuta faili kwenye folda ya kazi yako na hutaliona. Chagua aina kwanza, ndipo uchague folda.

Kigeuzi cha mtandaoni kina maana pale ambapo uko kwenye simu, au kwenye kompyuta isiyo na PowerPoint, na mwenzako anasubiri faili la PPTM ili aweke msimbo wake. PowerPoint ya kwenye kivinjari haikusaidii hapa, kwani haiwezi kuunda wala kuendesha makro. Google Slides nayo hufungua mafaili ya PowerPoint, lakini ukipakua kutoka huko unapata PPTX, si PPTM.

Na kuna mafaili yasiyofaa kupakiwa popote: kiolezo chenye takwimu za fedha ambazo hazijatangazwa, majina ya wagonjwa, mikataba, au saini iliyopigwa picha. Kiolezo huonekana hakina siri kwa kuwa ni nembo na rangi tu, lakini slaidi za mfano zilizosahaulika mwishoni na maelezo ya msemaji chini ya slaidi husema mengi. Angalia kabla.

## Kabla ya kupakia

Tengeneza nakala ya POTX na ufanyie kazi nakala. Kisha andika pembeni mambo manne kuhusu faili la asili, maana utayahitaji wakati wa kukagua: ukubwa wake kwa megabaiti, idadi ya slaidi, idadi ya mipangilio iliyo chini ya slaidi kuu (fungua View kisha Slide Master uihesabu), na vipimo vya slaidi. Slaidi pana ya kawaida ni sentimita 33.867 kwa 19.05, ile ya zamani ya 4:3 ni sentimita 25.4 kwa 19.05. Kama huna PowerPoint hapo ulipo, mwombe aliyekutumia kiolezo akupe namba hizo. Hata ukubwa wa faili peke yake si haba.

Ondoa nenosiri la kufungulia. Faili la Office lililofungwa kwa nenosiri si ZIP tena. Limefungiwa ndani ya chombo cha namna nyingine, na kigeuzi kitasema halisomeki au limeharibika ilhali ni zima. Njia ya kujua haraka: lifungue kwa kihariri cha maandishi matupu, kama Notepad. Herufi mbili za kwanza zikiwa PK, ni ZIP na kigeuzi kitalisoma. Zikiwa takataka nyingine, lina nenosiri, au ni faili la zamani la .pot lililobandikwa jina la .potx.

Hilo la .pot lina hadithi yake. Violezo vya PowerPoint 97 hadi 2003 viliweza kubeba makro bila kutangaza, kwani aina ilikuwa moja tu. Ukiwa na .pot lenye msimbo, usilipitishe kwenye POTX katikati. Likienda POTX, msimbo unatupwa hapo hapo, na kuligeuza tena kuwa POTM hakutaurudisha. Ligeuze moja kwa moja kwenda POTM au PPTM.

Mwisho, fungua File, Info, Check for Issues, kisha Inspect Document, uondoe majina ya waandishi na maoni yasiyohitajika. Jina la aliyetengeneza faili hukaa ndani ya docProps/core.xml na husafiri nalo popote.

## Kupakia, kugeuza, kupakua

1. Fungua huduma inayotaja waziwazi POTX upande wa kuingiza na PPTM, POTM au PPSM upande wa kutoa. Nyingi hutoa PPTX na PDF tu, na PPTX haikusaidii.
2. Hakikisha anwani inaanza na https, na usome kanuni zao za kufuta mafaili: yanakaa kwenye seva kwa muda gani, na kama kuna kitufe cha kuyafuta mwenyewe. Huduma isiyosema lolote kuhusu kufuta, iache.
3. Pakia nakala yako. Subiri upau ufike mwisho. Ukifunga kichupo mapema, baadhi ya huduma hukupa faili lililokatika katikati.
4. Chagua aina ya kutoa kwa macho yako mwenyewe. PPTX na PPTM hukaa jirani kwenye orodha na hutofautiana herufi moja. Hilo ndilo kosa la kawaida kuliko yote.
5. Kama pana machaguo ya ziada, kataa kubana picha na kataa kuunganisha mafaili.
6. Geuza, pakua, kisha bonyeza kitufe cha kufuta kama kipo.

Kama huduma inakutaka usakinishe programu au kiongezi cha kivinjari ili upate faili lako, ondoka. Kugeuza faili hakuhitaji hayo. Vilevile faili lililopakuliwa likiwa na mwisho wa .exe, .js au .iso badala ya ulioomba, lifute bila kulifungua.

## Kagua kilichorudi kabla ya kukiamini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Anza na ukubwa. Mabadiliko yanayotakiwa ni ya mstari mmoja wa maandishi, kwa hiyo faili la megabaiti 8 linatakiwa lirudi likiwa karibu na 8. Likirudi na megabaiti moja, picha zimebanwa au zimepotea.

Kisha lifungue kama ZIP. Kwenye Windows, 7-Zip inatosha: bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha Open archive. Tazama vitu viwili. Ndani ya [Content_Types].xml tafuta neno macroEnabled. Lisipokuwapo, kigeuzi kimekubadilishia jina tu. Halafu ingia folda ya ppt uone kama pana faili la vbaProject.bin. Hilo ndilo ghala la msimbo. Kama ulipakia POTX, ambayo haiwezi kuwa na makro, halitakiwi kuwapo kabisa. Likiwapo, mtu ameweka msimbo usioujua, na faili hilo halina haki ya kufunguliwa. Kama ulipakia .pot au POTM yenye makro, mambo ni kinyume: linatakiwa liwepo, na lisipokuwapo makro zako zimemwagika njiani.

Likipita hapo, lifungue kwenye PowerPoint, bila kuruhusu makro bado, na ulinganishe namba zako nne. Kwenye slaidi kuu hesabu mipangilio. Vigeuzi vinavyojenga upya hupenda kuacha ile isiyotumiwa na slaidi yoyote, na kwenye kiolezo hiyo ndiyo mingi, kwa sababu kiolezo huwa na slaidi moja au hakina kabisa. PPTM lisilo na slaidi hata moja si kosa, kwa njia. Bonyeza eneo tupu katikati uongeze slaidi ya kwanza.

Tazama pia haya, kwa haraka: rangi za mandhari zimebaki sita za msisitizo zilezile au zimerudi za kawaida za Office, michoro ya SmartArt bado inaharirika au imegeuka picha, mipito na uhuishaji vipo, hakuna maandishi ya matangazo yaliyobandikwa juu ya slaidi na huduma ya majaribio. Maandishi hayo wakati mwingine huwekwa kwenye slaidi kuu, na wakati mwingine juu ya kila slaidi, moja moja.

Fonti hazipotei kwa kugeuza. Faili hubeba jina la fonti tu, isipokuwa ziwe zimepachikwa ndani yake. Ukiona herufi zimebadilika, kwanza uliza kama kompyuta unayoitumia ina fonti hiyo, kabla ya kukilaumu kigeuzi.

## Upau mwekundu

Faili ni zima, msimbo umo, na bado makro hazikubali. Juu ya slaidi pana upau mwekundu unaosema Microsoft imezuia makro kwa sababu chanzo cha faili hakiaminiki, na hakuna kitufe cha kuruhusu. Hali hii ilianza kuenezwa mwaka 2022, Microsoft ilipobadilisha tabia ya Office kwenye Windows. Zamani ungeona upau wa manjano wenye kitufe cha Enable Content. Kwa faili lililotoka mtandaoni, kitufe hicho hakipo tena.

Sababu ni alama ambayo Windows huibandika kila faili linalopakuliwa. Hukaa pembeni ya faili kwenye diski ya NTFS, kwa jina la Zone.Identifier, na ndani yake pameandikwa ZoneId=3, yaani intaneti. Faili ulilogeuza mtandaoni lazima litakuwa nayo, hata kama kiolezo cha asili ulikitengeneza mwenyewe kwenye mashine hiyo hiyo.

Kuiondoa:

1. Funga faili kwenye PowerPoint.
2. Libofye kwa kitufe cha kulia, chagua Properties.
3. Kwenye kichupo cha General, chini kabisa, weka tiki kwenye Unblock.
4. Bonyeza OK, kisha ufungue faili upya.

Anayependa PowerShell anaweza kuandika:

    Unblock-File -Path .\kiolezo.pptm

Huduma ikikupa matokeo ndani ya ZIP, iondolee ZIP yenyewe alama hiyo (Unblock) kwanza, ndipo utoe mafaili yaliyomo. Ukiyatoa kwa Windows kabla ya hapo, alama hurithiwa na kila faili lililomo. Kisanduku cha Unblock kisipoonekana, ama faili halina alama na tatizo lako liko kwingine, ama msimamizi wa mitandao amefunga mlango huo kwa makusudi; la pili halitatuliwi kwa ujanja, zungumza naye.

Fanya hivyo baada ya ukaguzi, si kabla. Alama ile ni ulinzi, na kuiondoa ni kusema umeshalitazama faili na umeridhika.

Kuna njia ya pili: kuweka folda moja kuwa mahali panapoaminika, kupitia File, Options, Trust Center, Trust Center Settings, kisha Trusted Locations. Kila kilichomo humo huendesha makro bila kuuliza. Ni rahisi kwa anayetengeneza violezo kila siku, lakini usiifanye folda ya Downloads kuwa hivyo. Wala usiende kwenye Macro Settings kuchagua kuruhusu makro zote. Utakuwa umeacha mlango wazi kwa kila faili la kila mtu kwa sababu ya kiolezo kimoja.

## Kuweka makro ya kwanza

Sasa chombo kiko tayari, kitie kitu. PowerPoint haina kinasa makro tangu 2007, kwa hiyo msimbo unaandikwa kwa mkono. Kama unahariri POTM, kumbuka kulifungua kwa File kisha Open. Bonyeza Alt+F11, kwenye menyu ya Insert chagua Module, na uandike kitu kidogo cha kujaribia:

    Sub Jaribu()
        MsgBox "Slaidi zilizopo: " & ActivePresentation.Slides.Count
    End Sub

Rudi kwenye slaidi, bonyeza Alt+F8, chagua Jaribu, kisha Run. Kisanduku kikitokea na idadi sahihi, ugeuzaji umefaulu. Hifadhi, funga, fungua tena, uendeshe tena. Jaribio la mara ya pili ndilo la maana, kwa sababu linathibitisha kwamba msimbo umehifadhiwa ndani ya faili na haukuwa kwenye kumbukumbu tu.

Kuifunga makro kwenye kitufe: chora umbo, lichague, nenda Insert kisha Action, weka alama kwenye Run macro na uchague jina. Kitufe hicho huitika wakati wa kuonyesha slaidi, si wakati wa kuhariri. Ukikibofya kwenye hali ya kuhariri unakichagua tu. Makro ya kitufe inaweza kupokea umbo lililobofywa:

    Sub Gusa(umbo As Shape)
        umbo.Fill.ForeColor.RGB = RGB(0, 128, 0)
    End Sub

Makro ya namna hii haionekani kwenye orodha ya Alt+F8 kwa kuwa inadai kupewa kitu. Usidhani imefutika.

Faili linaandika kiungo cha kitufe kwa jina la makro: ppaction://macro?name=Gusa. Ukibadilisha jina la makro kwenye msimbo, kitufe kinabaki kikilitafuta jina la zamani na hakifanyi lolote, wala hakitoi onyo. Kila ukibadilisha jina, rudi kwenye vitufe.

## Yanayokwama, na chanzo chake

PowerPoint inadai kurekebisha faili kila ukilifungua. Mstari wa [Content_Types].xml haukubadilishwa sawasawa, au kigeuzi kimeacha kipande kilichotajwa na hakipo. Usikubali kurekebisha ukaendelea kana kwamba mambo ni shwari, maana kurekebisha huko mara nyingi ni kufuta kipande kinachogomba. Rudi kwenye asili na utumie njia nyingine.

Umehifadhi, ukapata ujumbe kwamba VB project haiwezi kuhifadhiwa kwenye faili lisilo na makro. Uko kwenye PPTX au POTX bila kujua. Ukibonyeza Yes, msimbo unapotea ukifunga faili. Bonyeza No, uchague aina yenye makro.

Msimbo wa zamani unagoma na kutaja PtrSafe. Office yako ni ya biti 64 na msimbo uliandikwa kwa ile ya biti 32. Mistari inayoanza na Declare inahitaji neno PtrSafe mbele ya Sub au Function, na vigezo vyenye vielekezi vibadilishwe kuwa LongPtr. Kigeuzi hakigusi haya.

Kwenye simu hakuna kinachotokea. Makro za VBA haziendeshwi kwenye PowerPoint ya simu, ya tableti wala ya kivinjari. Slaidi zitaonekana, vitufe vitakuwa mapambo.

Barua pepe inarudi. Vichujio vya taasisi nyingi huzuia mafaili yenye makro hata yakiwa safi. Tuma kiungo cha folda ya pamoja, na umwambie mpokeaji kwamba upande wake pia atakutana na upau mwekundu.

## Bila kigeuzi, kwa mkono

Kwa kuwa tofauti ni mstari mmoja, unaweza kuufanya mwenyewe hata kompyuta ikiwa haina PowerPoint, na faili lisitoke kwako. Nakili POTX, ifungue kwa 7-Zip, bofya [Content_Types].xml kwa kitufe cha kulia uchague Edit, tafuta mstari wa template uliotajwa huko juu, uubadilishe kuwa ule wa PPTM, hifadhi, ukubali 7-Zip isasishe kifurushi. Funga, kisha badilisha mwisho wa jina kuwa .pptm.

Usitoe mafaili yote ukayafunga upya kama huna sababu. Wanaofanya hivyo hufunga folda nzima badala ya yaliyomo ndani yake, na [Content_Types].xml inajikuta ngazi moja chini ya inapotakiwa; PowerPoint hailioni na faili zima linakataliwa. Kwenye Mac, kufunga kwa kawaida huongeza pia folda ya __MACOSX isiyotakiwa humo.

## Violezo vingi kwa mpigo

Kupakia violezo 40 kimoja kimoja ni adhabu. Kwenye kompyuta yenye PowerPoint, makro hii huipitia folda nzima na kutoa POTM kando ya kila POTX:

    Sub GeuzaFolda()
        Dim njia As String, jina As String
        Dim p As Presentation
        njia = "C:\Violezo\"
        jina = Dir(njia & "*.potx")
        Do While jina <> ""
            Set p = Presentations.Open(njia & jina, msoTrue, msoFalse, msoFalse)
            p.SaveAs njia & Replace(jina, ".potx", ".potm"), 27
            p.Close
            jina = Dir
        Loop
    End Sub

Namba 27 ndiyo inayoamua aina: weka 25 upate PPTM, au 29 upate PPSM, na ubadilishe .potm kwenye mstari huohuo ilingane nayo. Mafaili ya asili hufunguliwa kwa kusomwa tu, bila dirisha, kwa hiyo skrini haitachezacheza. Angalia majina kwanza: Replace hutofautisha herufi kubwa na ndogo, na faili lililoandikwa KIOLEZO.POTX halitabadilishiwa jina, hivyo makro itajaribu kuhifadhi juu ya faili lile lile lililofunguliwa kwa kusomwa tu na kusimama hapo katikati ya folda. Andika miisho yote kwa herufi ndogo kabla ya kuanza.